Mwana wa Germiston na namba isiyoandikika

Germiston, mji ulioko mashariki mwa Johannesburg, unajulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni reli, kwa kuwa njia nyingi za treni za ukanda ule hukutana hapo. La pili ni dhahabu: kiwanda cha Rand Refinery kimekuwa kikisafisha humo dhahabu ya Witwatersrand tangu miaka ya 1920, na siku hizi kinasafisha hata ya migodi ya nchi nyingine za Afrika. Wazee wa Mbeya na Rungwe waliosombwa na Wenela, wakala wa vibarua wa migodi, enzi za ukoloni waliichimba dhahabu ya Sauzi kwa mikono yao, wakarudi na baiskeli, mablanketi na kikohozi.

La tatu halitajwi sana. Mwaka 1899, mwaka ule ule Waingereza na Makaburu walipoanza kupigana vita vyao vikubwa, alizaliwa Germiston mtoto aliyeitwa Stanley Skewes. Alisomea uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Cape Town, kisha akapanda meli kwenda Cambridge, Uingereza, akayaacha madaraja na barabara, akashika hisabati tupu. Mwaka 1933 alichapisha makala ya kurasa chache tu. Ndani yake mlikuwa na namba ambayo G. H. Hardy, mmoja wa vigogo wa hisabati wa zama zile, aliona kuwa ndiyo kubwa kuliko zote zilizowahi kupewa kazi halisi katika hisabati.

Namba hiyo huandikwa kwa ngazi: 10 kwa kipeo cha 10, kwa kipeo cha 10, kwa kipeo cha 34. Ukiitazama hivyo juu juu haitishi. Basi jaribu kuiandika yote. Idadi ya tarakimu zake peke yake, achilia mbali namba yenyewe, ni namba yenye tarakimu nyingi kuliko zote zilizowahi kuchapwa kwenye vitabu vyote vya dunia. Hardy alitafuta mfano wa kuwaeleza wasomaji wake akaona augeuze ulimwengu mzima kuwa ubao wa sataranji, protoni zote ziwe kete, na kila protoni mbili zinapobadilishana nafasi ihesabiwe kuwa ni hatua moja ya mchezo. Idadi ya michezo inayoweza kuchezwa kwenye ubao wa namna hiyo, alisema, ndiyo inayokaribia namba ya Skewes.

Sasa namba kama hiyo ni ya kazi gani? Hapo inabidi turudi shule ya msingi.

Namba tasa, kama tulivyofundishwa, ni ile inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu: 2, 3, 5, 7, 11, 13, na kuendelea. Euklidi alithibitisha zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kwamba hazina mwisho. Kila baada ya miaka kadhaa magazeti hutangaza kwamba imepatikana kubwa kuliko zote zinazojulikana. Ya mwisho kutangazwa ilikuwa Oktoba 2024, alipoipata Mmarekani Luke Durant akishirikiana na mradi wa kimataifa wa kuzisaka uitwao GIMPS. Chukua 2, ipandishe kwa kipeo cha 136,279,841, kisha utoe 1. Jibu lina tarakimu 41,024,320. Ni kazi kubwa ya kompyuta na inastahili pongezi. Lakini namba tasa moja, hata ikiwa kubwa kiasi gani, ni kama mtu maarufu: kila mtu analijua jina lake, lakini jina hilo halimwambii mtu yeyote jinsi taifa lake linavyoishi. Anayetaka kuzielewa namba tasa lazima azifanyie sensa.

Sensa hiyo ilianzishwa na Carl Friedrich Gauss, Mjerumani, akiwa kijana wa miaka 15 au 16. Uzeeni alimwandikia rafiki yake kwamba kila alipopata robo saa ya bure alikuwa akiokota elfu moja ya namba na kuhesabu tasa zilizomo. Aliona kwamba zinapungua kadiri unavyokwenda mbele, lakini zinapungua kwa utaratibu. Jirani na namba fulani, tasa hutokea kwa wastani wa moja katika kila kundi lenye ukubwa wa logarithimu asilia ya namba hiyo. Ukijumlisha wastani huo hatua kwa hatua unapata kadirio la idadi ya tasa zote hadi unapotaka kufika.

Kadirio la Gauss ni zuri mno. Hadi 1,000 kuna tasa 168. Kadirio linasema karibu 178. Hadi milioni moja zipo 78,498, kadirio linazidi kwa takriban 130. Hadi bilioni moja zipo 50,847,534, kadirio linazidi kwa takriban 1,701. Hadi trilioni moja linazidi kwa 38,263, kosa dogo sana ukilinganisha na tasa zaidi ya bilioni 37 zinazohesabiwa.

Je, umeona kitu? Kila mara kadirio linazidi. Kwa elfu, kwa milioni, kwa bilioni, kwa trilioni, halijawahi kupungukiwa. Watu wenye akili timamu walihitimisha kwamba ndivyo ilivyo siku zote, na wewe pengine ungehitimisha hivyo hivyo. Mahakama yoyote ingemfunga mtu kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Mwaka 1914 John Edensor Littlewood wa Cambridge alithibitisha kwamba si kweli. Alionyesha kwamba kuna mahali idadi halisi ya namba tasa inalipita kadirio la Gauss, kisha inapitwa tena, na vinapishana hivyo mara zisizo na mwisho. Lakini hakusema ni wapi. Uthibitisho wake ulikuwa wa aina inayowaudhi wahandisi: kitu kipo, ila usiulize kilipo. Aligawa hoja yake mara mbili, akaonyesha kwamba jambo hilo hutokea ikiwa dhana maarufu ya mwanahisabati Riemann ni kweli, na hutokea pia ikiwa si kweli. Dhana hiyo inahusu namna namba tasa zinavyoyumba kandokando ya kadirio lao, na hadi leo haijathibitishwa wala kukanushwa.

Skewes alikuwa mwanafunzi wa Littlewood, na labda ule uhandisi wa Cape Town haukuwa umemtoka damuni, maana swali alilolichukua ni la fundi: ni wapi, basi? Kama hatuwezi kusema ni wapi hasa, tunaweza angalau kuweka uzio na kusema haitapita hapa? Mwaka 1933 alijibu kwa masharti. Ikiwa dhana ya Riemann ni kweli, alisema, basi kabla ya kuifikia ile namba ya ngazi niliyoitaja, mpishano wa kwanza utakuwa umeshatokea. Ilimchukua miaka mingine 22 kuondoa lile neno "ikiwa". Mwaka 1955, akiwa amesharudi Cape Town kufundisha, alitoa uzio usiotegemea dhana yoyote, na ulikuwa mkubwa zaidi: 10 kwa kipeo cha 10, kwa kipeo cha 10, kwa kipeo cha 964.

Kuna watu huicheka kazi hii, wakisema uzio mkubwa kuliko ulimwengu ni sawa na kutokuwa na uzio. Mimi sikubaliani nao. Kabla ya Skewes kulikuwa na "kipo mahali fulani". Baada yake kulikuwa na "kipo kabla ya hapa". Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na pindi uzio wa kwanza unaposimama, wengine wanakuwa na kitu cha kusukuma.

Nao wakausukuma kweli. Wa kwanza kujaribu alikuwa Alan Turing, yule yule anayetajwa kila linapozungumzwa chimbuko la kompyuta, aliyefahamiana na Skewes katika chuo cha King's, Cambridge. Mwaka 1937 alianza kuishughulikia namba ya rafiki yake lakini hakuichapisha kazi hiyo hadi alipofariki. Mwaka 1966 Sherman Lehman, Mmarekani, aliuporomosha uzio hadi namba yenye tarakimu 1,166. Fikiria anguko hilo: kutoka namba isiyoandikika hadi namba inayoenea kwenye karatasi moja. Mwaka 1987 Mholanzi Herman te Riele aliushusha hadi tarakimu 371. Mwaka 2000 Carter Bays na Richard Hudson walifika karibu na 1.398 mara 10 kwa kipeo cha 316, yaani namba yenye tarakimu 317, na tangu hapo waliofuata wamepunguza vipande vidogo tu. Upande wa chini, kompyuta na nadharia zimehakikisha kwamba hakuna mpishano wowote kabla ya 1 ikifuatiwa na sifuri 19.

Tarakimu 317 si mbali na maisha yako. Tovuti nyingi za benki na serikali hulindwa kwa funguo za usimbaji za RSA za biti 2048, na kila ufunguo wa namna hiyo hutengenezwa kwa kuzidisha namba tasa mbili zenye tarakimu zipatazo 309. Kompyuta hukagua kama namba ya ukubwa huo ni tasa kwa muda mfupi sana, mara nyingi usiofika hata sekunde. Lakini kuhesabu namba tasa ngapi ziko chini yake, hakuna mashine duniani inayoweza, na kwa njia tunazozijua haitaweza. Kwa hiyo kila siku tunaokota namba tasa moja moja kutoka jirani na mahali ambapo huenda mpishano wa kwanza hutokea, tunafungia nazo fedha zetu, na sensa ya mahali hapo hatuna.

Turudi Johannesburg, maana hadithi hii ina mwana mwingine wa huko.

Peter Sarnak alizaliwa Johannesburg Desemba 1953. Mwaka huo huo Bunge la Afrika Kusini lilipitisha Sheria ya Elimu ya Kibantu, na waziri aliyeipeleka, Hendrik Verwoerd, aliuliza bungeni kuna faida gani kumfundisha hisabati mtoto wa Kibantu ilhali hatakuwa na pa kuitumia. Mwaka 1959 sheria nyingine ikawafungia Waafrika milango ya vyuo vikuu vya wazungu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Witwatersrand, wenyewe wanakiita Wits, kilichoko Braamfontein katikati ya jiji. Sarnak alikulia upande uliofunguliwa milango. Ujanani alikuwa mchezaji hodari wa sataranji, akasoma hisabati Wits, akamaliza shahada ya kwanza mwaka 1975 na ile ya Honours mwaka uliofuata, 1976.

Mwaka 1976 hauhitaji maelezo marefu kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Juni 16 watoto wa Soweto waliandamana, wakapigwa risasi. Kinachosahaulika mara nyingi ni masomo yaliyokuwa kiini cha ugomvi ule. Amri ya serikali iliagiza hisabati, hesabu na maarifa ya jamii vifundishwe kwa Kiafrikaana. Watoto walikuwa wanakataa, pamoja na mengine, kufundishwa hisabati kwa lugha ya anayewaambia kwamba hisabati haiwahusu. Kutoka Braamfontein hadi Orlando, mtaa wa Soweto, ni mwendo wa treni usiofika saa moja. Tunajua alichokuja kukifanya kijana wa upande mmoja wa reli. Wale wa upande wa pili waliokuwa na kipaji kama chake hawana majina katika historia ya hisabati, na hiyo ni hasara ambayo hakuna kadirio la Gauss la kuipimia.

Sarnak alikwenda Stanford, Marekani, akapata udaktari mwaka 1980, na baadaye akawa profesa wa Princeton. Alipewa Tuzo ya Wolf mwaka 2014 na Tuzo ya Shaw mwaka 2024. Katika kazi zake nyingi, ninayoipenda ni makala ya mwaka 1994 aliyoiandika na mwanafunzi wake Michael Rubinstein, kwa sababu inalichukua swali la yule mwana wa Germiston na kuligeuza. Skewes aliuliza ni wapi. Wao waliuliza ni mara ngapi.

Walianza na mbio nyingine, za zamani zaidi. Mwaka 1853 Mrusi Pafnuty Chebyshev aligundua jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kulikagua. Chukua namba tasa zote isipokuwa 2, ugawe kwa 4. Kila moja itabakiza 1 au 3. Zinazobakiza 1 ni 5, 13, 17, 29. Zinazobakiza 3 ni 3, 7, 11, 19, 23. Zifanye timu mbili. Nadharia inasema kwamba mwisho wa yote timu hizi zinalingana, nusu kwa nusu. Lakini ukihesabu, timu ya 3 inaongoza karibu kila wakati. Wanafungana kwenye 5, kwenye 17, kwenye 41, kwenye 461, lakini kote huko timu ya 1 haipiti.

Sababu yake ni nzuri na haihitaji zaidi ya hesabu za kawaida. Chukua namba yoyote witiri uizidishe yenyewe: 9, 25, 49, 81. Gawa kwa 4. Zote zinabakiza 1, bila hata moja kukosea. Sasa nadharia ya Riemann, inapogawa haki sawa kati ya timu hizo mbili, haihesabu namba tasa peke yake. Inahesabu pia mraba wa kila namba tasa, ikiupa uzito wa nusu. Miraba yote imeangukia timu ya 1. Ili jumla zilingane, timu hiyo lazima ilipe kwa kupunguziwa namba tasa zenyewe. Kwa sababu ya namna hiyo hiyo kadirio la Gauss huzidi: linahesabu tasa pamoja na nusu ya miraba yake, wakati sisi tunahesabu tasa tu.

Basi inakuwaje idadi halisi iweze kupita hata mara moja? Kwa sababu juu ya deni hilo kuna mawimbi. Riemann alionyesha kwamba idadi ya namba tasa hupanda na kushuka kwa mawimbi yasiyo na idadi, kila moja na kasi yake. Mara nyingi mawimbi hayo hupingana na kuuana nguvu. Mtu wa pwani anajua bamvua: maji hujaa kupita kiasi pale jua na mwezi vinapovuta kwa mstari mmoja. Hapa si vitu viwili vinavyotakiwa kukaa mstari mmoja, ni maelfu ya mawimbi, na lazima yajae pamoja ili kulifunika deni la miraba.

Rubinstein na Sarnak walipima bamvua hiyo hutokea kwa kiasi gani. Walikubali kwanza dhana ya Riemann na dhana nyingine inayosema kwamba kasi za mawimbi hayo hazitegemeani, kisha wakatumia kipimo cha logarithimu. Kwa timu mbili za Chebyshev, timu ya 3 inaongoza asilimia 99.59 ya safari. Kwa idadi halisi ya namba tasa dhidi ya kadirio la Gauss, idadi halisi inaongoza kwa sehemu 26 tu katika kila sehemu milioni mia moja. Ni nadra mno, lakini si sifuri, na haitakuwa sifuri kamwe hata ukienda mbele kiasi gani.

Hapo ndipo jibu la Skewes linapoeleweka. Hakukosea kuweka uzio mbali. Kitu alichokuwa akikitafuta kinajificha kweli, na trilioni za mashahidi wanaosema hakipo wote wanasema ukweli kuhusu walichokiona. Kosa linaanza pale mtu anapowajumlisha na kuita jumla hiyo uthibitisho. Nimewasikia wachumi wakifanya hivyo, na watabiri wa mvua, na makocha wa Ligi Kuu, lakini hao tuwaache kwa leo.

Skewes alifariki mwaka 1988, mwaka mmoja baada ya te Riele kuusukuma uzio wake hadi tarakimu 371.

Mpishano wa kwanza wa Gauss hatutauona kwa kuhesabu. Ule wa Chebyshev unaonekana, na huhitaji zaidi ya kompyuta moja ya kawaida na programu ya mistari michache. Timu ya 1 inaongoza kwa mara ya kwanza kwenye namba 26,861, kwa namba tasa moja tu, na uongozi wake hauishi muda: namba tasa inayofuata, 26,863, ni ya timu ya 3 na inasawazisha hapo hapo. Mwalimu wa hisabati unayesoma haya, uwe Temeke, Kisumu au Goma, wape wanafunzi wako zoezi hilo wiki ijayo. Waache waone timu ya 3 ikiongoza hadi wachoke na kuanza kudai kwamba jibu limeshajulikana. Usiwaruhusu waishie 26,860.